Mpira wa Magongo Tanzania: Kuusoma Upya Mchezo wa Moscow, 1980

Jina la mpira wa magongo huufanya mchezo huu uonekane wa nyumbani, lakini mizizi yake haikufika mbali. Mwaka 1980, mataifa kadhaa yaliposusia Olimpiki ya Moscow, Tanzania iliingia katika mashindano ya timu sita, ikafungwa 18-0 na India (iliyotwaa ubingwa) na kushika mkia. Kipigo hicho hakithibitishi uhaba wa vipaji Afrika Mashariki: Kenya ilikuwa ya nne katika Kombe la Dunia la 1971, mjini Barcelona. Mchezo ulilelewa zaidi katika klabu za jumuiya za Waasia. Sinza, iliyopimwa viwanja miaka hiyo ya 1970, ilikuwa mitaa mipya isiyo na urithi huo. Soka lilihitaji mpira mmoja, magongo yalihitaji gongo kwa kila mchezaji.