Kutoka Teleksi hadi Terminali: Historia ya Amri Fupi Pwani ya Kusini

Wakala wa usafiri aliyebobea, ofisi yake iwe Mombasa mjini au Ukunda, hahangaiki na kipanya anapotafuta kiti cha ndege. Anaandika herufi na tarakimu chache kwa mkupuo, AN15DECNBOMBA, kisha anabonyeza kitufe cha kuingiza. Papo hapo inashuka orodha ya ndege za Desemba 15 kutoka Nairobi kwenda Mombasa, pamoja na viti vilivyobaki katika kila daraja. Akiandika SS1Y1, ameshika kiti kimoja cha daraja la Y kwenye safari iliyo juu ya orodha. NM1 huingiza jina la abiria, AP huingiza namba ya simu, na ER huhifadhi kazi yote. Mteja aliyekaa upande wa pili wa meza huona vidole tu vinavyokwenda mbio.

Mfumo huo unaitwa Amadeus, na wanafunzi wa utalii na usafiri nchini Kenya hukariri amri zake, au za mwenzake Galileo, kabla hawajaanza kukata tiketi. Nimetangulia nao makusudi. Watu wengi wa Kwale wakisikia habari ya kuendesha kompyuta kwa kuandika amri kwenye kiwambo cheusi, yaani terminali, hudhani hiyo ni elimu ya wataalamu wa Nairobi au ya wezi wa mitandaoni. Sivyo. Pwani hii imeishi na amri fupi tangu enzi za simu ya waya, na kilichozizaa amri hizo ni kitu tunachokijua vizuri: gharama ya mawasiliano.

Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilifikisha waya wa chini ya bahari Unguja, ukitokea Aden. Mwaka 1890 Unguja ikaunganishwa na Mombasa. Ujumbe ulilipiwa kwa hesabu ya maneno, kwa hiyo kila aliyetuma alijifunza kubana. Kampuni kubwa za biashara duniani zilikuwa na vitabu maalumu ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima, ili mtu aulize bei, kiasi na tarehe ya meli bila kufilisika.

Baadaye ikaja teleksi, na hapa ndipo Diani inapoingia vizuri katika habari hii. Hoteli za kitalii zilipozidi kuongezeka kando ya ufuo katika miaka ya 1970 na 1980, barua ya Ulaya ilikuwa polepole mno na simu ya ng'ambo ilikuwa ghali. Nafasi za wageni zilithibitishwa kwa teleksi, mashine iliyofanana na taipureta iliyofungwa kwenye laini. Kwa kuwa muda wa laini ulilipiwa, karani alitoboa kwanza ujumbe wake kwenye utepe wa karatasi, akausahihisha, ndipo akapiga namba na kuuacha utepe ukimbie bila kusita. Palikuwa na kitufe cha kuiuliza mashine ya upande wa pili kwamba ni nani. Hata kama ofisi ya Frankfurt imefungwa na wafanyakazi wamelala, mashine ilijibu yenyewe kwa kuchapa utambulisho wake. Mtu anaandika amri fupi na mashine ya mbali inamjibu kwa maandishi. Terminali haina siri nyingine zaidi ya hiyo.

Mashirika ya ndege yalikuwa yameshika njia hiyo mapema. Mwaka 1949 mashirika 11 yaliunda SITA ili yagawane mtandao wa kupelekeana ujumbe, na majina ya viwanja yakazoeleka kwa herufi tatu: MBA ni Mombasa, NBO ni Nairobi, na kiwanja chetu cha Ukunda ni UKA. American Airlines na IBM wakajenga Sabre, ambao kufikia mwaka 1964 ulikuwa ukishughulikia nafasi zote za shirika hilo. Amadeus ulianzishwa mwaka 1987 na Air France, Iberia, Lufthansa na SAS, na kituo chake kikuu cha kompyuta kikawekwa Erding, karibu na Munich. Zile AN na SS za wakala wetu ni watoto wa ujumbe wa kubana wa zama za teleksi.

Mwaka 1969, wakati Sabre tayari inafanya kazi, Ken Thompson wa maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, alikuwa na kompyuta ndogo ya PDP-7 ambayo haikuwa na kazi kubwa. Mkewe alisafiri na mtoto kwenda California kuwaona wazazi, na katika muda wa wiki tatu hivi Thompson akaandika msingi wa mfumo uliokuja kuitwa Unix. Mwenzake Dennis Ritchie alikuwa bega kwa bega naye katika kuukuza. Hawakuwa na skrini kama hizi zetu. Waliandikia kwenye Teletype Model 33, jamaa wa karibu wa mashine ya teleksi, yenye vitufe vigumu na mwendo wa herufi 10 kwa sekunde. Kila herufi ilikuwa na jasho lake. Ndiyo maana amri ya kuorodhesha mafaili ni ls, ya kunakili ni cp, ya kuhamisha ni mv, na ya kufuta ni rm. Mifumo ya ukoo wa Unix hadi leo ina amri inayoitwa tty, kifupi cha jina la mashine hiyo.

Ufupi huo una ukali wake. Ukiandika rm na jina la faili, faili limekwenda. Kwa kawaida hutaulizwa mara mbili, wala hakuna kapu la taka la kwenda kulichakura. Lakini una nguvu pia. Mwaka 1973, kwa msukumo wa Doug McIlroy, Unix ilipewa alama ya mstari wima inayounganisha amri, ili jibu la amri moja liwe malighafi ya amri inayofuata. Chukulia karani ana faili la wateja 20,000, kila mteja na mstari wake. Akiandika grep Msambweni wateja.txt | wc -l, kompyuta huchambua mistari yote iliyotaja Msambweni na kumpa idadi yake mara moja. Kwa kuhesabu mstari mmoja mmoja kwa macho, kazi hiyo ingemla asubuhi nzima.

IBM walipotoa kompyuta yao ya mezani mwaka 1981, iliendeshwa kwa mfumo wa DOS wa Microsoft, nao pia ulikuwa wa kuandika: dir, copy, del. Wakenya waliosomea kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1990 walianza na hizo kabla ya WordPerfect na Lotus 1-2-3. Kisha Windows 95 ikaja na picha zake, na vyuo vingi vikakiacha kile kiwambo cheusi. Naliona hilo kuwa pengo. Tulipata wepesi wa kubofya, tukapoteza kizazi kilichojua kinachotendeka nyuma ya picha. Na hayo yalitokea wakati ambapo Linus Torvalds wa Finland alikuwa ameshatoa Linux bure tangu 1991, mfumo wa ukoo wa Unix ambao leo unaendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti, nyingi zikiwa hazina hata skrini. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, na kompyuta kuukuu ikapata njia rahisi ya kuendelea kufanya kazi.

Hata hivyo, amri hazikuondoka pwani. Ziliingia mifukoni. Ni Bell hao hao waliotoa simu ya vitufe mwaka 1963, ikiwa na tarakimu 10 tu, kisha mwaka 1968 wakaongeza nyota (*) na reli (#) ili mtu aweze kuzungumza na mashine kupitia simu. Simu za GSM zilirithi alama hizo. Leo mvuvi wa Gazi anaandika *144# kuangalia salio, jirani yake *334# kutuma pesa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, mwingine *977# kwa mambo ya stima, na mgonjwa anayekwenda hospitali ya Msambweni *147# kujisajili kwa bima ya afya ya serikali. Njia hiyo haihitaji intaneti. Hupita kwenye mkondo wa mtandao wa simu unaobeba maagizo yake yenyewe, na ujumbe mmoja hauzidi herufi 182. Ndiyo maana simu ndogo ya vitufe, kabambe, inatosha, huko Lunga Lunga na hata Kinango.

Anayeandika *144# tayari ameelewa jambo gumu kuliko yote: mashine hutii kilichoandikwa, kwa usahihi wa herufi moja moja, na ukikosea alama moja inakataa. Kilichobaki ni msamiati. Tangu nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zifike Mombasa mwaka 2009, kijana wa Ukunda anayejua amri hizo anaweza kuhudumia seva iliyoko Ujerumani akiwa kwao, na kwa data kidogo sana, kwa sababu kinachosafiri ni maandishi matupu.

Walimu wa kompyuta wa Kwale, rudisheni kiwambo cheusi darasani, hata kwa kipindi kimoja kwa wiki. Kompyuta zenu kuukuu zinatosha. Nanyi vijana mlio na simu ya Android, kuna programu ya bure iitwayo Termux inayofungua terminali kwenye simu hiyo hiyo. Anzeni na pwd inayowaonyesha mlipo, ls inayowaonyesha vilivyopo, na cd ya kuhama folda. Jifunzeni mkdir, cp na mv. Amri ya rm iacheni iwe ya mwisho, na msiitumie kabla ya kuweka nakala pembeni.