Mtu Mzima na Mafunzo ya Kazi katika Nyanda za Juu Kusini

Wanaoandika historia ya Mbeya na Iringa hupenda kutueleza habari za Mkwawa, za wamisionari, za dhahabu ya Lupa na za chai ya Mufindi na Rungwe. Jambo moja huguswa kwa uchache, nalo ni hili: mtu mzima asiye na kisomo wala ufundi alipotaka kazi ya mshahara, nani alimfunza kazi hiyo kabla ya kuajiriwa, na gharama ya kumfunza ilitoka katika mfuko wa nani? Insha hii yakusudia kulifuata swali hilo kwa mfuatano wa miaka, maana jibu lake laonyesha jinsi kila utawala ulivyomhesabu mfanyakazi.

Zamani za Waingereza, Jimbo la Nyanda za Juu Kusini lilikuwa kama ghala la kuchotea vibarua. Kodi ililipwa kwa fedha, na fedha zilikuwa mbali. Watu wa Njombe na Iringa walikwenda kwa mkataba katika mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Tangu mwaka 1944 kazi ya kuwakusanya ilifanywa na SILABU, chombo cha wenye mashamba hayo. Watu wa Rungwe walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakaandikwa na Wenela kwenda Afrika Kusini. Mawakala hao waligharimia safari na posho. Elimu hawakuigharimia, kwa kuwa walichokitafuta ni nguvu za mikono tu. Kibarua aliporudi kwao alirudi na nguo, na pengine na baiskeli. Ufundi wa kumwezesha kudai mshahara mkubwa zaidi alirudi nao kwa nadra.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilifungua shule ya ufundi Ifunda, katika mkoa wa Iringa, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hapo vijana walifunzwa useremala, uashi na ufundi mwingine kwa fedha za umma. Lilikuwa jambo jema, na mafundi wa Ifunda walijulikana nchi nzima. Walakini shule ile ilikuwa ya vijana waliokwisha pata shule. Methali yasema, samaki mkunje angali mbichi, na serikali iliifuata methali hiyo barabara. Samaki aliyekwisha kauka aliachiwa jua lake. Katika miaka ya 1960 hata Ifunda yenyewe iligeuzwa kuwa shule ya sekondari ya ufundi, na mlango ukazidi kuwa mwembamba kwa asiye na cheti.

Baada ya Uhuru nia ilibadilika. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Lakini darasa kubwa kuliko yote halikuitwa darasa. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Reli ya Uhuru ilijengwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, mwendo wa kilomita 1,860, ikipita Makambako na Mbeya. Makumi ya maelfu ya Watanzania, wengi wao wakulima ambao hawakupata kushika kazi ya kiwanda, walifanya kazi pamoja na mafundi wa Kichina, wakajifunza kupasua miamba, kumimina zege na kutandika mataruma kwa kutazama na kuiga, kwa sababu lugha ya pamoja ilikuwa haba. Hiyo ni hoja ya kutosha dhidi ya methali yetu: samaki mkavu alikunjika, asivunjike. Ila kazi ilipokwisha, aliyejifunza kwa njia hiyo alikuwa na ustadi katika mikono yake. Kuwa nao katika karatasi lilikuwa jambo jingine, na mwajiri mgeni huuliza karatasi kwanza.

Mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden, na hesabu yake ikafika zaidi ya 50. Katika sehemu zetu Ilula na Nzovwe ni miongoni mwa vyuo hivyo. Kwa mara ya kwanza mtu mzima, mwanamke kwa mwanamume, aliwekewa mahali pake pa kujifunza uashi, ushonaji au kilimo kwa fedha za serikali. Lakini yafaa tukumbuke shabaha yake. Mwanafunzi alitarajiwa kurudi kijijini akakitumikie kijiji chake. Hakuandaliwa kwenda kuomba kazi mjini. Aliyekwenda mjini bila kazi alingojewa na jambo jingine. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimtazama mtu wa mjini asiye na kazi kuwa mzururaji, ikataka apelekwe kwenye uzalishaji mali. Ukosefu wa kazi ulichukuliwa kuwa kosa la tabia, na dawa ya kosa la tabia haiwi mafunzo.

Zamu ya tatu ilikuja na Sheria Namba 1 ya mwaka 1994, iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA. Sheria hiyo ilijibu waziwazi swali la mfuko: waajiri watoe kodi inayopimwa kwa jumla ya mishahara wanayolipa. Fikra ilikuwa ya haki, kwamba anayefaidi ustadi wa mfanyakazi achangie kuuzaa. Lakini kodi hiyo ilipokuwa asilimia 6, sehemu ya VETA ilikuwa asilimia 2 tu. Theluthi mbili zilikwenda kwingine, na mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ikafaidika nazo. Mwaka 2013 kiwango kilishushwa kuwa asilimia 5, na baadaye kikashushwa tena. Msomaji wa chuo kikuu na alipime jambo hili kwa utulivu. Fedha zilizotozwa kwa jina la ustadi wa mfanyakazi zilimsomesha kwa wingi zaidi yule aliyekwisha soma kuliko yule asiyesoma.

Hata hivyo, mazuri yametendeka. VETA iliweka utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti bila kumrudisha darasani. Laiti mjenzi wa reli angalipata mizani kama hiyo! Programu ya kukuza ujuzi iliyoanza mwaka wa fedha wa 2016/17 ililipia mafunzo ya uanagenzi, ila kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 35. Aliyevuka umri huo amerudishwa nje ya lango, kama zamani za Ifunda.

Mtu aweza kujibu kwamba mafunzo bila viwanda ni ngazi isiyo na ukuta wa kuegemea. Neno hilo lina kweli. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi katika miaka ya 1980, kilisimama katika miaka ya 1990, hata kikauzwa kwa watu binafsi mwaka 2004. Katika miaka ile ya katikati mafundi wake hawakukosa ustadi, walikosa mashine za kusimamia. Kwa hiyo ukosefu wa kazi hauponi kwa mafunzo peke yake. Lakini kiwanda kifungukapo tena, wa kwanza kuitwa ni mwenye ustadi, na asiye nao hubaki kubeba magogo. Mafunzo hayaumbi kazi. Huamua nani ataipata na kwa mshahara gani.

Kwa miaka sabini na zaidi, basi, fedha za umma katika Nyanda za Juu Kusini zimemfikia kwanza kijana, kisha mwenye cheti, na mtu mzima asiye na kisomo amefikiwa na masazo. Hayo hayakuwa maumbile ya watu wala ya nchi. Yalikuwa maamuzi, yakaandikwa katika sheria na katika bajeti, na kilichoandikwa na watu chaweza kuandikwa upya na watu.