Nairobi Haikujengewa Watoto

Familia ya watu watano kutoka ocha inaweza kukaa Nairobi kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili kwa pesa ambazo watu wengine humaliza kwa meza moja Westlands. Hesabu yake si ngumu: nauli, mahali pa kulala, chakula, mahali pa kwenda. Nimeifanya mara kadhaa, maana mimi ndiye kifungua mimba niliyekuja mjini kwanza, na ndugu zangu wanaamini nina ramani kichwani. Kitu kinachonishangaza ni kwamba kila mstari wa bajeti hiyo una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya watu kama sisi kuambiwa tusije.

Tuanze na mji wenyewe. Reli ilifika hapa Mei 1899, na kambi ya reli ikageuka kuwa mji. Mji huo ulihitaji mikono ya kubeba mizigo, kufua, kupika, kuchimba mitaro na kusukuma mikokoteni. Haukuhitaji mke wa mwenye mikono wala watoto wake. Kwa serikali ya kikoloni, Mwafrika alikuja Nairobi kufanya kazi na akimaliza arudi kwao. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume mtu mzima akatakiwa kubeba kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, ambayo wengi waliiweka ndani ya kikopo cha chuma na kukining'iniza shingoni. Ukipatikana mjini bila kazi, sheria za uzururaji zilikuwa zinakungoja.

Nyumba zilifuata fikra hiyo hiyo. Makao ya wafanyakazi yalihesabiwa kwa vitanda. Mwanamume alipewa nafasi ya kitanda kimoja ndani ya chumba cha wanaume wengine, na hapo ndipo Nairobi yake ilipoanzia na kuishia. Mke akija kumtembelea, labda baada ya mavuno, wenzake wa chumba ndio walipaswa kutafuta pa kwenda.

Mshahara nao ulipimwa kwa tumbo moja. Waajiri walisema hivi: mke ana shamba, shamba linalisha watoto, kwa hivyo huyu wa mjini anahitaji tu pesa za kujilisha mwenyewe na kulipa kodi ya serikali. Fikiria hilo kidogo. Nyanya yako alipokuwa akilima mahindi Nyeri au Kisii au Machakos, jembe lake lilikuwa linamlipia mwajiri wa Nairobi sehemu ya mshahara wa mumewe, na hakuna mtu aliyemshukuru.

Kulikuwa na watu walioliziba pengo hilo, na mara nyingi tunawapita haraka. Katika vijiji vya Waafrika vya Nairobi ya zamani, hasa Pangani na baadaye Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, kulikuwa na wanawake waliojenga nyumba zao wenyewe na kukodisha vyumba. Baadhi walikuwa wamepata mtaji kwa kuwauzia wanaume wa mjini kile ambacho serikali ilikuwa imewanyima: chai, maji ya moto ya kuoga, chakula cha jioni, kitanda, na ndiyo, pamoja na hilo unalofikiria. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuwahusu, kilichotoka mwaka 1990. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa kuwapokea waliofukuzwa. Ukiniuliza mimi, historia ya lojing za bei nafuu Nairobi inapaswa kuanza na wanawake hao, kabla hatujafika kwa hoteli yoyote yenye bendera mlangoni.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yalianza kulegea. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 kwa sehemu na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, ilikuwa kati ya mitaa ya kwanza ya Waafrika iliyopangwa kwa kufikiria familia. Nyumba zake ndogo za mawe zilizungukwa na nafasi ya nyasi, zikawa na shule karibu na ukumbi wa kijamii katikati. Nenda ukaone, bado iko. Ni mojawapo ya sehemu chache za Eastlands ambapo unaweza kuona kwa macho kwamba mtu fulani, akiwa na rula mkononi, alikumbuka kwamba watoto hucheza.

Halafu ukaja mwaka 1954, ambao naona ndio mwaka wenye kinaya zaidi katika stori hii yote. Mwaka huo Kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali yenyewe kuchunguza mishahara ya Waafrika, ilikiri kwamba ujira uliokuwepo ulimtosha kapera tu, ikapendekeza upandishwe polepole hadi uweze kumbeba mwanamume, mke na watoto. Kwenye karatasi, familia ya Mwafrika ilikuwa imetambuliwa Nairobi. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, wanajeshi na polisi waliuzingira mji katika Operesheni Anvil, wakapita mtaa kwa mtaa wakichuja watu kutafuta Mau Mau. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipelekwa kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani, na wake na watoto wengi wakarudishwa mashambani kwa nguvu.

Uhuru ulipokuja, mlango ulifunguka na watu wakaingia. Sensa ya 1962 ilihesabu watu wapatao 267,000 Nairobi. Ile ya 1969 ikapata zaidi ya 500,000, ingawa mipaka ya mji ilikuwa imepanuliwa katikati. Waliokuja kazi walitaka kuletewa watoto, na wasioweza kuishi na watoto wao walitaka angalau kuwaonyesha mji. Hapo ndipo lilipozaliwa lile jambo ambalo wengi wetu tulilikuta kama desturi: likizo ya Agosti kwa anko Nairobi.

Na hapa tunarudi kwa bajeti, mstari wa kulala. Kochi la anko ndilo hoteli kubwa zaidi kuwahi kujengwa Kenya. Jericho, Makadara, Umoja, Kayole, kila mahali watoto wa ocha walilala sebuleni, wanne kwa godoro moja, meza ikiwa imesukumwa ukutani. Mfumo huu una bei, usijidanganye. Unakuja na mahindi mabichi, maharagwe, kuku mzima aliyefungwa miguu, avokado, chochote shamba limetoa. Ukifika mjini unanunua unga na sukari bila kuulizwa. Ile hesabu ya kikoloni, ya shamba kuulisha mji, iliendelea, tofauti ikiwa kwamba sasa mwenye shamba alikuwa anapata pa kulala. Kama anko anaishi bedsita, basi nyote watano hamtoshi, hata mkipendana vipi. Wagawanye: wasichana kwa shangazi, wavulana kwa anko. Lojing ya kawaida iwe mpango wa mwisho, na muulize bei kwa simu kabla ya kusafiri, kwa sababu bei ya mtu aliyesimama mlangoni saa tatu usiku na watoto watatu ni bei nyingine kabisa.

Mstari wa nauli ya ndani ni mfupi. Kampuni ya Kenya Bus ilianza kubeba watu Nairobi mwaka 1934. Matatu zilikuja baadaye bila leseni, zikichukua jina lao kwa sarafu tatu za senti kumi walizolipa abiria, zikawa zinakimbizana na polisi hadi mwaka 1973, Jomo Kenyatta alipotangaza zifanye kazi kihalali. Mtoto mdogo ukimpakata halipi, na hiyo ni sheria ambayo haijaandikwa popote ila kila makanga anaijua. Saa za asubuhi na jioni bei hupanda, mvua ikinyesha pia, kwa hivyo tembeeni mjini katikati ya mchana.

Sasa mahali pa kwenda. Wengi hufikiria mall. Mtoto ametoka kilomita mia tatu kuja kuona ngazi za umeme na aiskrimu ya bei ya kuku? Sawa, ngazi za umeme zina raha yake, nakubali, lakini zinaisha kwa dakika kumi. Jumamosi asubuhi wapeleke Makumbusho ya Taifa. Jengo hilo lilifunguliwa 1930 likiwa na jina la gavana Robert Coryndon, na leo wanaojaa humo ni wanafunzi wa kila kaunti wakipanga foleni mbele ya mafuvu ya Turkana. Beba kitambulisho, kwa sababu ndicho kinachokupa bei ya mwananchi langoni. Wazee wa kwetu bado wanakiita kipande. Karatasi iliyomfukuza babu yao mjini imekuwa karatasi ya kuwapunguzia wajukuu kiingilio. Hakikisha pia una pesa kwa simu, maana kwenye malango mengi ya serikali siku hizi noti hazipokelewi.

Ukitoka hapo, teremka hadi KICC. Jengo hilo lenye urefu wa mita 105, lililobuniwa na David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik, lilimalizika mwaka 1973, na karibu kila familia ya Kenya iliyowahi kuja mjini ina picha mbele yake, baba amesimama wima kama askari, watoto wamekunja uso kwa jua. Kupanda juu kunalipiwa. Kusimama chini na kutazama juu ni bure, ila wapiga picha watakufuata, na bei yao ya kwanza usiikubali.

Chakula cha mchana mleni Jeevanjee. Bustani hiyo ilitolewa kwa watu wa Nairobi mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, na mwaka 1991 ilikuwa karibu ichukuliwe kwa mradi wa maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, alianzisha kampeni, watu wakaandika na kupiga kelele, na mradi ukaachwa. Ndiyo maana kuna benchi la kukalia ukifungua mkate na soda, huku mhubiri mmoja akikuahidi moto na jirani yake akikuchambulia siasa. Hakuna anayekuuliza umenunua nini. Katikati ya jiji hili, ni wapi kwingine watu watano wanaweza kukaa saa nzima bila mlinzi kuwasogelea?

Jumapili ni ya Uhuru Park, na hapa nitakawia. Kenyatta aliifungua mwaka 1969. Kwa watoto wa likizo, Uhuru Park ilikuwa ndiyo Nairobi yenyewe: boti kwenye bwawa, pamba ya sukari, nyasi za kujibiringisha, na kule chini majengo marefu yamejipanga kama kwenye kalenda. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60 pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Wangari Maathai aliandika barua kwa kila ofisi aliyoweza, ya hapa na ya ng'ambo. Bungeni alitukanwa, shirika lake likatolewa kwenye ofisi lilizokuwa nazo. Hoja yake ilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu wa kawaida aliielewa mara moja: familia zisizo na bustani kwao zitapumzikia wapi? Wafadhili wakajiondoa, na jumba halikujengwa.

Miaka michache baadaye, mwishoni mwa Februari 1992, kundi la akina mama waliketi kwenye kona ya bustani hiyo hiyo wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Wengi walikuwa wazee, wengine wametoka mbali na mji. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya maafisa wenye umri wa watoto wao. Walifukuzwa bustanini, wakahamia kanisa la All Saints hapo jirani, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao wakatoka. Nikiwaza kuhusu familia zilizowahi kuja Nairobi kutoka ocha, hao huwa wa kwanza kunijia. Walikuja mjini kwa ajili ya watoto, wakalala sakafuni, na hakuna aliyewapangia wikendi.

Hiyo kona inaitwa Freedom Corner. Mwaka 2021 bustani ilifungwa ikarabatiwe, na watoto wa likizo kadhaa wakaikosa kabisa, kwa hivyo kabla ya kuwaahidi wadogo zako boti, uliza kwanza kama bwawa linafanya kazi siku hiyo. Kama kuna mkutano wa hadhara, geuza uende Karura, msitu ambao Wangari huyo huyo alipigwa kwa ajili yake Januari 1999. Huko mtalipa kiingilio, lakini mkishaingia mna siku nzima ya miti, mto na maporomoko ya maji. Pakia chapati na chai kwa thamosi.

Tiketi za kurudi nunua Ijumaa hiyo mnayofika. Jumapili saa kumi jioni, Machakos Country Bus ina watu wengi kuliko viti, na nauli ya magharibi mwa nchi huwa imepanda bila kumwambia mtu.