Kura 2027: Rada Yote ya Msee wa Riruta Kabla Siku Ifike

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Hiyo tarehe si mtu ameamka akaitunga. Katiba inasema tunapiga kura Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa hivyo hata kama wanasiasa wanapiga kelele aje, siku inajulikana. Swali ni kama wewe uko tayari.

Nianze na yangu. Nilijisajili nikiwa bado chuo, kituo karibu na shule. Baadaye masomo yakakataa, nikarudi mtaani, nikapata keja Riruta. Agosti 2022 nikaamka saa kumi na moja asubuhi, nikapanga laini na majirani, nikafika mbele, jina hakuna. Liko kule kule chuo. Majirani wakadunga kura, mimi nikarudi kwa nyumba kuwatch TV. Hakuna mtu alinikosea, ni mimi sikuhamisha kura. Ndio maana nimeandika hii, usichezwe na kitu ndogo kama mimi.

Kwanza, jua uko wapi

Watu wengi husema "niko Kawangware" na wanamaanisha kila kitu kutoka Congo hadi Satellite. Kwa ramani ya kura, hiyo ni makosa. Riruta ni wadi ya Dagoretti Kusini, pamoja na Mutu-ini, Ngando, Waithaka na Uthiru/Ruthimitu. Kawangware ni wadi ya Dagoretti Kaskazini, pamoja na Gatina, Kabiro, Kilimani na Kileleshwa. Zamani Riruta na Kawangware zilikuwa Dagoretti moja, ikagawanywa kabla ya uchaguzi wa 2013. Kibra nayo ilitolewa kwa Lang'ata wakati huo huo, na iko na wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course.

Maana yake? Unaweza kuhama keja, ukavuka barabara moja na mkokoteni wako, na tayari umebadilisha mbunge na MCA. Ukibaki umesajiliwa upande ule, unachagulia watu wengine kiongozi wa kutengeneza barabara yao, na yako inabaki na matope.

Kujisajili na kuhamisha kura

Unahitaji kuwa miaka 18 na kitambulisho cha taifa ama pasipoti. Kujisajili ni bure, mtu akikuitisha doo hapo anakuibia. Unaenda mwenyewe kwa sababu wanachukua alama za vidole na picha. Hakuna kutumana.

IEBC ilikaa bila makamishna kutoka Januari 2023 hadi Julai 2025, wakati mwenyekiti Erastus Ethekon na wenzake waliapishwa. Usajili wa kila siku ukaanza tena 29 Septemba 2025, kwa ofisi za maeneo bunge. Kama ulishajisajili mahali pengine, usijisajili mara ya pili, hiyo ni kosa la sheria. Omba kuhamishwa, ujaze fomu, mambo iishe.

Usingoje dakika ya mwisho. Sheria inafunga daftari kabla ya uchaguzi, na kabla ya hapo IEBC hulifungua kwa siku 30 ili kila mtu aangalie jina lake. Enda ucheki jina, namba ya kitambulisho na kituo. Ikiwa kuna herufi imekosewa, hapo ndio pa kurekebisha.

Stori ya Mariga

Ukidhani daftari ni mchezo, kumbuka Kibra 2019. Ken Okoth alifariki Julai mwaka huo, uchaguzi mdogo ukaitishwa 7 Novemba. McDonald Mariga, msee aliyechezea Inter Milan, akaamua kusimama na tiketi ya Jubilee. Alipopeleka karatasi zake Septemba, afisa wa IEBC akamfungia nje kwa sababu jina lake halikuonekana kwa daftari. Alikuwa amejisajili muda mfupi tu kabla. Ilibidi aende kwa kamati ya mizozo ndio arudishwe kwa debe. Mwishowe Imran Okoth wa ODM akashinda, Mariga akawa wa pili. Kama staa alisumbuliwa na daftari, wewe utaachwa hivi hivi?

Ukitaka kusimama ubunge

Lazima uwe mpiga kura aliyesajiliwa. Unaweza kuteuliwa na chama, ama usimame kama mgombea huru. Huyo wa huru anahitaji sahihi za wapiga kura 1,000 wa eneo bunge lake, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Siku yenyewe: vitu vinaenda aje

Vituo vingi ni shule za msingi. Kibra watu wanaijua Old Kibera Primary, pale marehemu Raila Odinga alikuwa anapigia kura. Shule moja inaweza kuwa na vyumba vingi, kwa sababu sheria inasema kituo kimoja kisizidi wapiga kura 700. Mwaka wa 2022 nchi nzima ilikuwa na vituo 46,229, na wapiga kura milioni 22.1.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ukiwa tayari kwa laini saa kumi na moja ikifika, utapiga kura. Usitoke.

Kabla mtu wa kwanza aingie, afisa msimamizi anaonyesha maajenti kwamba masanduku ni tupu, halafu anayafunga na sili zenye namba. Ukiingia, karani anaangalia kitambulisho chako na unaweka kidole kwa mashine ya KIEMS. Beba kile kile ulichojisajili nacho. Ulitumia kitambulisho, usikuje na pasipoti.

Unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na MCA. Kila moja ina rangi yake na sanduku lake. Chukua muda. Ukiweka alama mbili kwa karatasi moja, kura imeharibika.

Cucu hajui kusoma? Anaweza kuja na mtu anayemwamini, lakini mtu mmoja anasaidia mpiga kura mmoja tu. Akikuja peke yake, afisa msimamizi anamsaidia mbele ya maajenti. Wazee, kina mama wajawazito na watu wenye ulemavu hawapangi laini. Wapisheni.

Mboka za uchaguzi

IEBC huandika makarani na maafisa wasimamizi wa muda kila uchaguzi. Nafasi hutangazwa kwa tovuti yao na magazeti. Waliochaguliwa hufunzwa kabla. Ukiwa unaimba kwa misafara ya mgombea, hiyo mboka sahau.

Baada ya kura

Kura huhesabiwa pale pale kituoni. Za rais zinaandikwa kwa Fomu 34A, za mbunge kwa Fomu 35A. Maajenti wanatia sahihi, nakala inabandikwa mlangoni. Piga picha hiyo karatasi ya mlangoni. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na venye hizo fomu zilipeperushwa ilikuwa sehemu kubwa ya kesi.

Matokeo ya mbunge hujumlishwa kwa kituo cha eneo bunge na mshindi anatangazwa hapo. Asiyeridhika ana siku 28 kupeleka kesi Mahakama Kuu.

Hata IEBC hukosea. Agosti 2022, wakazi wa Mombasa na Kakamega hawakuchagua gavana siku moja na wengine kwa sababu karatasi zilikuwa na makosa. Walirudi 29 Agosti. Hayo huwezi kuyazuia ukiwa Riruta. Lakini jina lako, kituo chako na kitambulisho chako ni juu yako.

Wiki hii, ukienda sokoni ama kazini, pitia ofisi ya eneo bunge lako. Enda na jirani mgeni kwa ploti. Mimi yangu nilishahamisha.