Malaika Wavutao Sigara

Bani la tumbaku halilali. Likishajazwa majani na kuwashwa moto, lazima awepo mtu wa kuchochea kuni usiku na mchana, siku tano, sita, hata wiki nzima, joto likipandishwa hatua kwa hatua: kwanza la kugeuza jani liwe manjano, kisha la kukausha jani lenyewe, mwisho la kukausha kikonyo. Huko kwetu Urambo zamu ya usiku ilikuwa ya vijana. Katika bani letu, mwishoni mwa miaka ya 1980, usingizi tuliufukuza kwa redio kaseti ya mjomba, mfanyakazi wa reli. Kanda zake zilikuwa zile zile za kila nyumba, Tabora Jazz, Maquis, Mlimani Park, isipokuwa moja. Jaladani mwake walichorwa malaika watatu wenye mabawa, wamekaa wakicheza karata, na wanavuta sigara.

Sisi tuliokuwa tumefunga majani kwenye fito tangu alfajiri tuliitazama picha ile kwa muda mrefu. Halafu mjomba akaiweka kanda, na gitaa likaanza kunguruma juu ya sauti ya moto.

Kanda ile ilikuwa Heaven and Hell ya Black Sabbath, albamu iliyotoka Aprili 1980. Kwa miaka mingi niliamini kwamba yule mwenye sauti kubwa, iliyonyooka kama mluzi wa garimoshi linaloingia stesheni usiku, ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi hiyo tangu mwanzo. Kumbe alikuwa mgeni, na ile ilikuwa kazi yake ya kwanza katika nyumba ya watu.

Nyumba yenyewe ilijengwa Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma, mwaka 1968. Waliianzisha vijana wanne wa mtaa wa Aston: Ozzy Osbourne mwimbaji, Tony Iommi wa gitaa, Geezer Butler wa besi na Bill Ward wa ngoma. Iommi alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha mabati, na siku aliyokusudia iwe ya mwisho kazini, akiwa na miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa hupiga gitaa kwa kushoto, mkono huo ndio unaobana nyuzi. Watu walimwambia gitaa basi. Msimamizi wake kiwandani akampelekea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri aliyeunguzwa na moto akabaki na vidole viwili vya kutegemea. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, akatumia nyuzi nyepesi na baadaye kuzilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegezwa hutoa sauti ya chini, nzito. Ule mngurumo ambao dunia nzima iliuita hevi metali umetokana pia na jeraha la kibarua.

Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970. Kufikia 1978 walikuwa wametoa nane, na uchovu uliwaingia mifupani. Mwaka 1979 walikaa Los Angeles katika nyumba ya kupanga wakijaribu kutunga, pombe na dawa za kulevya zikiwa nyingi kuliko nyimbo. Osbourne ndiye aliyekuwa amezama zaidi, na Iommi akaona haiendi tena. Aliyetumwa kumpa Ozzy habari kwamba ameondolewa ni Bill Ward, rafiki yake wa karibu kuliko wote. Nimesoma mengi kuhusu bendi hii na bado jambo hilo linanisikitisha.

Msomaji wa Urambo hahitaji kuelezwa ugumu wa kurithi. Mtemi Mirambo alipofariki Desemba 1884 aliacha dola iliyoshika njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, dola iliyowatoa jasho Waarabu wa Unyanyembe kwa miaka kadhaa. Rugaruga, askari wake, walibaki wale wale na njia ikabaki ile ile. Mpandashalo aliyemfuata hakuweza kuishika, na baada ya miaka michache ilikuwa imemeguka vipande. Watu waliomfuata Mirambo walikuwa wakimfuata Mirambo. Ndivyo wapenzi wengi wa Black Sabbath walivyokuwa kwa Ozzy.

Aliyekuja alikuwa mtu mfupi wa kimo, Ronnie James Dio, Mmarekani mwenye asili ya Italia, aliyekulia Cortland katika jimbo la New York. Jina lake la kuzaliwa ni Ronald Padavona. Hakuwa chipukizi: alikuwa na miaka 37 na alikwisha kuimba katika Rainbow, bendi ya Ritchie Blackmore. Utotoni alipigishwa tarumbeta, na mwenyewe alieleza kwamba ndilo lililomfundisha kupumua. Ukiisikiliza albamu ukiwa unajua hilo, utamsikia: pumzi inatoka tumboni, neno halikatiki katikati, na mwisho wa mstari sauti bado imejaa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Watu husema Dio alijaza nafasi ya Ozzy. Hakuijaza. Alileta uimbaji wa namna nyingine, na magitaa ndiyo yaliyolazimika kusogea.

Chukua wimbo wa Iron Man wa mwaka 1970. Gitaa lina mstari wake mfupi unaorudiwarudiwa, na Ozzy anauimba mstari huo huo, noti kwa noti, kama mtu anayekanyaga nyayo za aliyemtangulia. Uzuri wake uko hapo: sauti na chuma vinatembea pamoja. Dio hakuimba hivyo. Iommi ameeleza mara nyingi kwamba Ozzy aliimba na gitaa, Dio akaimba kwa kulikatiza, na kwamba tofauti hiyo ilimfungulia namna mpya ya kutunga. Mwimbaji anayekatiza anahitaji uwanja. Mstari mzito usiopumua unamziba. Kwa hiyo Iommi akaanza kuweka makodi yanayobadilika chini ya sauti, akaacha nafasi, akarudisha gitaa kavu lisilo na umeme pale palipohitaji utulivu.

Sikiliza wimbo uliobeba jina la albamu, wa karibu dakika 7. Gitaa linaingia kwa kishindo, kisha mwimbaji anapoanza ubeti linarudi nyuma kabisa. Inabaki besi ya Butler ikitembea kwa hatua sawa na ngoma za Ward, na juu yao sauti ya Dio peke yake, kama mtu anayesimulia uwanjani watu wamenyamaza. Ozzy aliachiwa uwanja mtupu namna ile mara chache tu. Baadaye mwendo unaongezeka, wimbo unakimbia, na mwisho kabisa linabaki gitaa dogo la nyuzi laini likifunga taratibu. Bani likiwa limetulia, usiku wa manane, tulikuwa tukinyamaza wote hapo mwishoni bila kuambizana.

Jambo hili la mwimbaji kubadili hatua za wenzake mababu zetu walilijua kwa miguu. Misafara iliyopita hapa kwenda Ujiji na kurudi pwani ilibebwa na wapagazi Wanyamwezi, na mbele yao alikwenda kirangozi, ambaye pamoja na kuonyesha njia ndiye aliyeanzisha wimbo, nao wakaitikia mizigo ikiwa mabegani. Wimbo ulishika mwendo. Akibadilika kirangozi, hata kama mzigo na njia havikubadilika, hatua za msafara mzima hubadilika. Katika ngoma za Unyamwezi na Usukuma mwenye kazi hiyo ni manju, na kila shabiki anajua kwamba kundi likipata manju mwingine hata miguu ya wachezaji huanguka chini kwa namna nyingine.

Bendi zetu za gitaa zililiendea jambo hilo kwa njia yake. Hapa bendi ina mtindo, na mtindo una jina: Sikinde, Msondo, Saboso. Mwimbaji akihamia bendi nyingine, na walihama sana, anaingia katika mtindo alioukuta. Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata. Shem Karenga alipopanda kutoka Kigoma, alikoanzia katika Lake Tanganyika Jazz, akaja na sauti yake na tungo zake hadi Tabora, na miaka ya 1970 Dada Asha ukawa wimbo uliomtambulisha yeye na bendi pamoja. Mtu wa magharibi mwa nchi yetu akitajiwa Tabora Jazz leo, wimbo huo ndio unaomjia kwanza mdomoni. Reli aliyopitia ni hii hii inayokatiza Urambo, nayo kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara. Karenga alifariki 2014, na sijui bendi nyingine ya mkoani kwetu ambayo sauti iliyotoka ziwani iliifaa kama ile.

Turudi Sabbath. Wimbo wa kwanza Iommi na Dio kuukamilisha pamoja ni Children of the Sea, na kwa Iommi ndio uliomhakikishia kwamba bendi ipo. Kazi haikwenda kwa raha. Butler, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika maneno mengi ya nyimbo za zamani, aliondoka kwa muda kwa sababu ndoa yake ilikuwa inavunjika. Aliporudi alikuta maneno sasa yanaandikwa na Dio, na Geoff Nicholls, aliyekuwa ameshika besi, akahamia kwenye kinanda. Walirekodi Miami, Marekani, kisha wakamalizia Paris, Ufaransa, chini ya mtayarishaji Martin Birch. Ward alikuwa amelewa kiasi kwamba baadaye alikiri hakumbuki kurekodi albamu ile, nawe ukisikiliza ngoma zake huwezi kuamini. Agosti 1980, katikati ya ziara, aliondoka.

Nyimbo ni 8, dakika zipatazo 40. Kwao Uingereza ilipanda hadi nafasi ya 9, na Marekani ikavuka nakala milioni moja. Mwezi Septemba mwaka huo huo Ozzy naye akatoa albamu yake, Blizzard of Ozz, iliyomwinua kuliko alivyokuwa. Kwa hiyo hakuna aliyezikwa.

Mwaka 1980 ulikuwa wa ajabu kwa muziki huu. AC/DC walimpoteza mwimbaji wao Bon Scott mwezi Februari. Wakamchukua Brian Johnson, wakarekodi visiwani Bahamas, na Julai wakatoa Back in Black, jalada jeusi tupu kwa maombolezo. Ni moja ya albamu zilizouzwa kuliko zote duniani. Miaka miwili baadaye Iron Maiden walifanya vivyo hivyo na Bruce Dickinson, na mtayarishaji alikuwa Martin Birch yule yule. Lakini ndugu wawili wa AC/DC, Angus na Malcolm Young, walipiga na Johnson kama walivyopiga na Scott. Kwangu ndiyo sababu Heaven and Hell iko juu zaidi: ndiyo pekee kati ya hizo ambamo bendi yenyewe ilikubali kujifunza upya kutembea.

Kuna jambo la Dio ambalo watu wa pwani watalielewa upesi kuliko Waingereza. Ozzy alizoea kuwasalimu mashabiki kwa vidole viwili vya amani. Dio hakutaka kumwiga, akatafuta ishara yake, na akaipata kwa bibi yake Mwitaliano, aliyekuwa akikunja mkono akiacha kidole cha shahada na cha mwisho vimesimama ili kukinga kijicho. Leo kila shabiki wa hevi metali, kuanzia Tokyo hadi Nairobi, huinua pembe hizo mbili, na wengi wanadhani ni za shetani. Ni kinga ya husuda ya bibi mmoja mhamiaji.

Na wale malaika? Ni mchoro wa Lynn Curlee, uliotokana na picha ya zamani ya wanawake waliovalia mabawa kwa ajili ya maigizo ya chuo, wakipumzika nyuma ya jukwaa na sigara mkononi. Sigara hizo hunirudisha kwetu, kwa maana Urambo yenyewe ni nchi iliyobadilishiwa wimbo: msitu wa miombo ulifyekwa kuanzia 1947 kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, karanga zikashindwa, na juu ya ardhi hiyo hiyo ikaja tumbaku. Ndiyo iliyotusomesha.

Dio aliondoka Sabbath mwaka 1982, akarudi 1992 kwa albamu moja, akaondoka tena. Mwaka 2006 yeye, Iommi, Butler na Vinny Appice, mpiga ngoma aliyemrithi Ward, walikubaliana kushika vyombo kwa mara nyingine. Jina la Black Sabbath wakaliacha kwa Ozzy na enzi yake, wao wakajiita Heaven & Hell. Albamu ya mgeni ikawa jina la bendi. Walizunguka dunia hadi 2009, na tarehe 16 Mei 2010 Dio akafariki kwa saratani ya tumbo.

Julai mwaka huo wenzake walipanda jukwaani London kumuenzi, mara moja tu. Ilibidi kutafuta mtu wa kuimba nafasi yake. Walisimamisha wawili, Glenn Hughes na Jørn Lande.