Nani Kakuruhusu? Historia Fupi ya "May", "Can" na "Must"

Nilipokuwa kidato cha pili tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza ambaye mwanafunzi akinyoosha mkono na kuuliza "Can I go out?", alimjibu kwa Kiswahili: "Miguu si unayo? Unaweza." Kisha akaendelea kuandika ubaoni. Darasa zima lilicheka, ila aliyeomba hakucheka, hasa siku ambayo haja ilikuwa ya kweli. Hatoki mtu mpaka aseme "May I". Basi tukaishika kanuni: "can" ni uwezo, "may" ni ruhusa, na anayechanganya hana adabu. Nimekuja nayo hadi chuoni. Nilipoanza kusoma historia ya lugha hiyo ndipo nikagundua kwamba, kumbe, kanuni yenyewe ni changa kuliko maneno inayoyalinda. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba "may" nayo ilianza kama neno la uwezo, na kwamba "can" inapita leo njia ile ile aliyoipita dada yake.

Tuanze na Kiingereza cha Kale. Mama wa "may" ni kitenzi "magan", na maana yake ilikuwa kuwa na nguvu, kuweza. Hadi sasa nomino "might", yaani nguvu, ni ndugu yake wa damu. Mama wa "can" ni "cunnan", kujua, naye ni wa ukoo mmoja na "know". Kwa hiyo mtu wa wakati ulipoandikwa mswada wa utenzi wa Beowulf, karibu mwaka 1000, aliyezungumzia misuli alitumia "magan", na aliyezungumzia ujuzi alitumia "cunnan". Mswahili haoni ajabu hapa. Sisi husema "mtoto huyu anajua kuogelea", wala hatuna maana kwamba amesoma kitabu cha kuogelea. Kujua kumegeuka kuweza. Ndivyo ilivyotokea Uingereza: "can" ilipanuka polepole ikatwaa eneo lote la uwezo, na "may" ikazidi kusogea upande wa ruhusa na uwezekano.

Lakini uwezo unageukaje ruhusa? Nadhani jibu liko midomoni mwetu. Mzee akimwambia kijana "unaweza kwenda", hapimi nguvu za magoti yake. Anasema hakuna kizuizi, na kizuizi kikubwa cha binadamu ni binadamu mwenzake. Neno la nguvu likitamkwa na mwenye mamlaka huwa tayari ni neno la ruhusa, hata kabla ya wanasarufi kuamka. Na ukiondoa mwenye mamlaka, ukabaki na mambo tu ya dunia, neno hilo hilo linakuwa la uwezekano. Ndiyo maana sentensi "He may go" ina sura mbili: ameruhusiwa kwenda, au huenda akaenda. Kiswahili kimeepuka utata huo kwa kulitafutia uwezekano neno lake. "Huenda" yetu imetokana na kitenzi cha mwendo, si cha nguvu.

Mnamo karne ya 19 "can" ya ruhusa ilikuwa imeshaingia katika mazungumzo ya Waingereza wenyewe, na walimu wa sarufi wakaikemea. Yaani waliikemea kwa kufanya kile ambacho "may" ilishafanya karne nyingi nyuma bila kuchapwa.

Niseme kidogo kuhusu kosa jingine lililotugharimu alama nyingi: "he cans". Kwa nini "he walks" lakini si "he cans"? Tuliambiwa tukariri tu. Sababu ni kwamba umbo la wakati uliopo la vitenzi hivi lilikuwa zamani umbo la wakati uliopita. Tazama Kiswahili: "amelala" lina "-me-" ya tendo lililotimia, lakini tunaeleza hali ya sasa hivi, yaani mtu yumo usingizini. "Can" ni hivyo hivyo: amejua, kwa hiyo sasa anajua. Kwa kuwa umbo hilo la kale halikuchukua kiambishi cha nafsi ya tatu tunachokiona katika "walks", halijakichukua hadi leo. Laiti mwalimu angetuambia hivyo! Lile neno "amelala" lingetosha.

Aliyetembea mbali kuliko wote ni "must". Katika Kiingereza cha Kale kitenzi "motan" kilikuwa hasa cha ruhusa, yaani kupewa nafasi. Umbo lake la wakati uliopita, "moste", ndilo lililobaki likawa "must", na leo ni neno la lazima. Ruhusa imezaa shuruti! Jambo hili si la Waingereza peke yao. Katika Kijerumani, "müssen", ndugu wa "must", nalo limeishia kwenye lazima, ilhali "dürfen", ambalo zamani lilikuwa na maana ya kuhitaji, ndilo leo neno la ruhusa. Maoni yangu ni kwamba daraja lilikuwa katika ukanushi. "Huruhusiwi kuingia" na "ni lazima usiingie" zinamwacha mtu mlangoni pale pale.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya darasani tu. La hasha. Mwaka 1880 mabwana wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza walikaa kuamua kesi ya Julius dhidi ya Askofu wa Oxford. Muumini alimlalamikia kasisi wa parokia ya Clewer kuhusu namna yake ya kuendesha ibada. Sheria ya kanisa ya mwaka 1840 ilisema kwamba "itakuwa halali" kwa askofu kuanzisha uchunguzi. Askofu hakutaka. Je, aliyeruhusiwa amelazimishwa? Mahakama iliamua kwamba maneno yale yanampa uwezo tu, na kwamba wajibu, ukiwapo, lazima utokane na jambo jingine katika sheria yenyewe. Julius akashindwa. Tofauti ya "may" na "must" ndiyo iliyompeleka nyumbani mikono mitupu.

Kwa sisi wa fasihi, kesi kubwa zaidi imo katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Portia, akiwa amevaa mavazi ya mwanasheria, anamuuliza Antonio kama anaukubali mkataba. Antonio anakubali. Basi, anasema Portia, Myahudi hana budi kuwa na huruma, na hapo anatumia "must". Shylock analidaka neno papo hapo na kuuliza ni shuruti gani inayomlazimisha. Wahakiki wengi hukimbilia hotuba ya huruma inayofuata, wakasahau kwamba hotuba nzima ni jibu la swali kuhusu kitenzi kisaidizi kimoja. Tena swali ni la haki. Portia mwenyewe analazimika kukiri kwamba huruma hailazimishwi.

Mbele kidogo, sheria inamruhusu Shylock kukata ratili yake ya nyama, lakini haimruhusu kumwaga damu. Ruhusa inageuka mtego. Mwishoni Antonio anataka Shylock awe Mkristo, na mtawala anaunga mkono: atafanya hivyo, la sivyo msamaha unafutwa. Safari hii hakuna anayesema "must". Mtawala anasema "shall", kitenzi ambacho katika Kiingereza cha Kale, kikiitwa "sculan", maana yake ilikuwa kudaiwa. Mkopeshaji amekuwa mdaiwa. Anaulizwa kama ameridhika, naye anajibu kwamba ameridhika.