Simu Inatosha, Mwalimu wa Nini?

Kule Atlabara, Juba, vijana wengi tulijifunza kinanda kanisani kwa kuangalia vidole vya wenzetu. Hapa kambini wengine husema: simu ipo, mwalimu wa nini? Cheki historia ya Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou wa Ethiopia, aliyezaliwa 1923. Alianza masomo ya muziki Uswisi, akiwa mtoto. Mwaka 1937 Waitalia waliifunga familia yake kisiwani Asinara. Baada ya vita, ingawa alishajua kupiga, alimfuata mwalimu Cairo, Alexander Kontorowicz. Baadaye akawa mtawa, akatunga muziki wake mwenyewe. Ukijifunza peke yako unapata sikio. Mwalimu anaona mkono uliokaza kabla haujazoea. Basi ndugu wa mashirika, mkileta kinanda, leteni na mwalimu.